Sinia la shughuli: lipi linamwacha mgeni ale kwa adabu, lipi linamwaibisha

Mnunuzi wa sinia hulibisha kwa kidole asikie mlio, huligeuza atazame mgongo, kisha huuliza bei. Asichouliza ni hiki: watu watano wakilizunguka, mkono wa kila mmoja utafika wapi? Na hilo ndilo linaloamua sura ya shughuli nzima. Mgeni anayenyanyuka nusu kuifuata nyama, anayempiga jirani kiwiko, anayechimba wali kama anatafuta kisima, mara nyingi hana ulafi wowote. Kawekewa chombo kibaya, kapangwa na watu wengi mno, au nyama imepakuliwa mahali pasipofaa. Kwa hiyo tumeyapima masinia ya walima, hitima, maulidi na arobaini, yale yanayouzwa Kariakoo, Darajani na Mombasa na yale ya wakodishaji wa vyombo, kwa kuanzia hapo. Uimara na mng'ao vimekuja baadaye.

Tuanze na upana. Sinia la sentimita 60 kutoka ukingo hadi ukingo ndilo tunalolipa alama ya juu, na alama hiyo ni kwa watu watano. Ukilizungushia utepe, mzingo wake ni kama sentimita 188, yaani kila mlaji anapata sentimita 37 hivi za ukingo. Mwendo wa mkono kutoka ukingoni hadi katikati ni sentimita 30, ambao mtu mzima huumaliza bila kuinama. Watano hao wakikaa mkekani, kila mmoja anahitaji nafasi ya karibu sentimita 70 kwa magoti yake, na duara lao linawatosha hivi hivi tu. Akiongezwa wa sita, watalazimika kukaa upandeupande, bega moja ndani na jingine nje. Mezani wangeweza kuvumilia, mkekani hawawezi.

La sentimita 50 ni la watu watatu, au wanne wakiwa vijana wembamba. Wenye shughuli hulipenda kwa kuwa ni rahisi, kisha wanaweka watu watano. Hapo ndipo viwiko vinapoanza kugombana, na mpole kuliko wote ndiye anayeinuka na njaa, maana anasubiri nafasi isiyopatikana. La sentimita 45 tunalipendekeza kwa watoto tu, wanne wanne, na mtu mzima mmoja wa kuwaangalia.

Yale makubwa ya sentimita 70 na 80 yameingia kwa wingi pamoja na mandi na masinia ya Ghuba, ambako huwekwa mbuzi mzima juu ya wali na watu wakamzunguka. Kwa kazi hiyo ni sawa kabisa. Kwa pilau ya vipande halifai lile la 80. Katikati iko sentimita 40 mbali na ukingo, kwa hiyo ama wageni wanalala juu ya chakula, ama pale kati panabaki kilima cha wali ambacho hakuna anayekigusa, na jikoni wanadhani watu wameshiba. La 70 linakubalika kwa watu sita, mradi mpakuaji asijaze katikati.

Mdomo wa sinia nao una maneno yake. Ukingo wa sentimita mbili hadi mbili na nusu unatosha. Chini ya sentimita moja, mchuzi wa nyama unamwagika mkekani sinia linapotua, na kanzu nyeupe ya mtu ikishapata rangi ya binzari ndiyo imekwenda. Juu ya sentimita nne, mkono unalazimika kupanda na kushuka kama unavuka ukuta. Tonge linapigwa na ukingo, punje zinaanguka nje, na mlaji anaonekana mchafu. Kagua kama ukingo umekunjwa ndani. Uliokatwa tu bila kukunjwa unakata vidole vya mbebaji na kuchana mkono wa kanzu.

Masikio ya kubebea hatuyapendi. Yanamrahisishia mhudumu hatua ishirini kutoka jikoni, kisha yanawasumbua walaji nusu saa nzima: mahali palipo na sikio hapana anayetaka kukaa, na anayekaa hapo baibui lake au mkono wa kanzu yake unanaswa. Sinia lililojaa la watu watano halizidi kilo nne au tano. Halihitaji masikio, linahitaji mikono miwili na kitambaa kikavu.

Kabla hujalipa, liweke sakafuni palipo sawa, ukandamize ukingo kwa pande nne, moja baada ya nyingine. Likicheza, liache. Sinia lenye tumbo chini huzunguka kila mtu anapochota, na kilichokuwa mbele yako kinajikuta mbele ya mwenzako. Mafuta nayo yanakimbilia katikati, wali wa pembeni unakauka.

Sasa kuhusu madini yenyewe. Aluminiamu ndiyo imetawala kwa wakodishaji, na kuna sababu: ni nyepesi, haishiki kutu, ikibonyea inanyooshwa kwa nyundo ya mpira. Ubaya wake ni kwamba inapitisha joto haraka. Pilau ya moto ikimwagwa humo, mgongo wa sinia unawaka ndani ya dakika moja na mbebaji anakimbia badala ya kutembea. Baada ya hapo inapoa vilevile kwa haraka. Pia haipatani na ndimu, ukwaju na nyanya. Kachumbari ikikaa humo nusu saa inapata ladha ya bati na sinia linabaki na doa la kijivu. Kachumbari iwekwe kwenye bakuli lake, basi. Tunaipa nyota tatu na nusu kati ya tano.

Chuma cha pua, ambacho madukani wanakiita stenlesi, ni kizito zaidi kwa ukubwa uleule, lakini hakibishani na ndimu, hakipaki weusi kwenye kitambaa, na kinavumilia dodoki la chuma. Kinachouzwa rahisi sana huwa chembamba mno. Kibonyeze katikati kwa kidole gumba: kikilia "tak" na kurudi, kitapinda siku ya kwanza kikibebwa kimejaa. Kile kisicholia ndicho chenye nyota nne na nusu, na kwa familia inayofanya shughuli kila mwaka ndicho cha kununua kidogokidogo, manne mwaka huu, manne mwakani.

Ya bati lenye maua tunayapenda kwa macho. Yamepamba kumbi za nyumbani kwa miaka mingi, na sinia la aina hiyo likitoka na kawa la ukili juu yake, mgeni anajua ameheshimiwa. Lakini rangi ikishabanduka ukingoni, chuma cha chini kinashika kutu na vipande vidogo vinaweza kuingia chakulani. Lenye kidonda lipeleke kwenye kubebea vikombe. Melamini, ile ya plastiki ngumu, inapendeza siku ya kwanza tu. Inakwaruzwa, mikwaruzo inashika mafuta, na haitengenezewi chakula kinachotoka motoni kikiwa na tindikali. Kwa tambi, vitumbua, mikate ya kumimina na matunda haina neno. Ya shaba, kama umerithi, yatazame upande wa ndani: pasipokuwa na bati lililopakwa vizuri, pasiwekwe chakula chenye ndimu wala nyanya.

Kuna wakodishaji wanaotandika nailoni juu ya sinia ili wasioshe. Kataa. Chakula kimetoka kwenye moto, nailoni inanywea, inashikana na wali, na mgeni anajikuta akivuta utando pamoja na tonge.

Upakuaji ndio unaoharibu zaidi kuliko sinia lenyewe, na hapa inafaa kukaa kidogo.

Hesabu yetu kwa shughuli ya pilau ni kilo moja ya mchele kwa watu saba. Sinia la watano basi ni gramu 700 za mchele, ambazo zikiiva zinatoa karibu kilo mbili za wali. Nyama, kilo moja mbichi yenye mifupa kwa sinia, ikatwe vipande kumi vya takriban gramu mia. Kwa wageni mia moja ni masinia ishirini, mchele kilo 14 hadi 15, nyama kilo 20. Ongeza masinia mawili ya wanaochelewa, kwa sababu wapo daima na hawana kosa, wengine wametoka kazini.

Angalia hiyo namba kumi. Vipande kumi kwa watu watano maana yake kila mtu viwili, na kila mtu anaona viwili vyake. Vikiwa saba au tisa, watu watano wenye adabu watakula wote kwa macho chini, na mwisho kitabaki kipande kimoja ambacho hakuna anayethubutu kukigusa mpaka kipoe. Mpakuaji anayehesabu vipande anawaondolea wageni aibu hiyo yote. Mpakuaji anayemimina kwa upawa bila kutazama ndiye chanzo cha minong'ono ya "sinia letu lilikuwa na mifupa mitupu."

Wali utandazwe kwa unene wa vidole viwili, uinuke kidogo tu katikati. Nyama isirundikwe kileleni. Ipangwe kwa mduara, nusu ya njia kati ya ukingo na kati, viwili viwili kuelekea kila mlaji. Sababu ni adabu ya kale ya sinia yenyewe. Mtume Muhammad (s.a.w.) alimkuta Umar bin Abi Salama, wakati huo mtoto, mkono wake ukizurura ndani ya chombo. Akamfundisha mambo matatu: ataje jina la Mungu, ale kwa mkono wa kulia, ale kilicho mbele yake. Yako pia mafundisho ya kula kutoka pembeni na kuacha katikati, kwa kuwa baraka hushukia hapo. Mwenye shughuli anayerundika nyama yote kileleni amewaweka wageni wake katika mtihani: wafuate mafundisho wakose nyama, au wapate nyama waonekane hawakulelewa.

Ikiwa nyama ni bonge moja, kama bega la mbuzi, basi katika kila sinia awekwe mtu mzima anayejua kazi. Yeye ndiye huanza. Hubandua minofu kwa mkono wa kulia na kuwasogezea wenzake kabla ya kula wake, akianza na mgeni wa mbali. Hilo halitokei lenyewe pale mwenye shughuli anapojaza masinia kwa kufuata mtu aliyeingia mlangoni mwanzo. Mpangaji mzuri huchanganya: mzee mmoja, wawili wa nyumbani, wawili wageni. Na mtu wa nyumbani ana kazi ya ziada ambayo haisemwi. Asimalize kula kabla ya mgeni. Akishiba, apunguze tonge, achezee punje, aongee, ili wa mwisho asijione anakula peke yake huku wanne wakimtazama.

Pilipili, ndimu na achari vinahitaji bakuli moja kwa kila sinia na kijiko chake. Mchovya asali hachovyi mara moja, na mchovya achari ni hivyohivyo, tofauti ni kwamba mkono wake una wali. Ndizi mbivu zihesabiwe kama nyama: tano kwa sinia. Maji, chupa ndogo kwa kila mtu badala ya jagi moja na bilauri moja inayozunguka.

Kufunika: kawa la ukili linaruhusu mvuke utoke na wali unabaki mkavu. Karatasi ya foili inahifadhi joto zaidi lakini jasho linadondoka chini, na baada ya dakika ishirini pilau ya juu inakuwa kama uji. Ukilazimika kutumia foili, itoboe matundu machache kwa uma. Sinia likishapakuliwa lisingoje zaidi ya robo saa. Wakati wa mawaidha jikoni wasipakue kwa kutega sikio tu. Awepo mtu anayewapa ishara dua inapoanza.

Vifaa vya kunawia tunavihesabu kuwa sehemu ya sinia, na tunashangaa vinavyonunuliwa mwisho. Seti nzuri ni birika lenye mdomo mrefu mwembamba, la lita mbili, na tasa lenye kifuniko cha matundu. Kifuniko hicho si pambo. Kinameza maji machafu ili mgeni wa tano asitazame mapovu ya wanne waliotangulia, na kinazuia maji yasiruke. Tasa lisilo na kifuniko linapata nyota mbili tu. Hesabu maji robo lita kwa mtu kabla ya kula na zaidi kidogo baada ya kula, ya vuguvugu, maana mafuta ya pilau hayatoki kwa maji baridi. Birika moja basi ni la watu wanane, na kwa wageni mia unahitaji ndoo tatu za lita ishirini kwa jumla. Anayenawisha ni mdogo kwa umri. Huanza na mkubwa wa pale, kisha huenda upande wa kulia wake, na humwaga kwenye vidole, si kwenye kifundo, ili maji yasiingie mkononi mwa kanzu. Sabuni ya maji kwenye chupa ya kubonyeza ni bora kuliko kipande kinachoteleza hadi chini ya mkeka.

Ndoo yenye bomba iliyowekwa mlangoni inaokoa muda, na kwa wageni zaidi ya mia mbili hakuna njia nyingine. Lakini wekeni na birika moja la kuzunguka kwa ajili ya wasioweza kusimama kwenye foleni. Kumwambia bibi mwenye magoti mabovu "bomba liko kule nje" ni jambo linalokumbukwa katika ukoo kwa muda mrefu.

Huyo huyo bibi hatakaa chini. Sinia lake liwe kwenye meza ndogo ya sentimita 45 hadi 50 kwenda juu, na yeye kwenye kiti cha kawaida. Meza ndefu zaidi inaweka chakula kifuani. Asitengwe pembeni na sahani yake kama mgonjwa. Wakae naye wawili wa rika lake au wajukuu. Mwenye mkono wa kulia uliovunjika au usiofanya kazi apewe kijiko na sahani bila kuulizwa mbele za watu. Na wako wageni ambao hawakuzoea kula pamoja, au waliacha tangu korona ya mwaka 2020. Kwao zile sahani za chuma zenye vyumba vitatu au vinne ni jibu zuri, na ziwe zimepangwa mezani mapema, kumi kwa kila wageni mia, mtu achukue mwenyewe. Anayelazimika kuomba sahani tayari ameonyeshwa kuwa ni tofauti. Usichanganye vijiko na mikono ndani ya sinia moja, maana kijiko kinachimba kwa kasi mara mbili na hakijui mpaka.

Kahawa ikifuata, kwa wale wenye desturi za Oman kuna ishara ya kujua. Mmiminaji hushika mdila kwa mkono wa kushoto na kutoa kikombe kwa wa kulia, akijaza kidogo tu, na anaendelea kukujazia mpaka ukitikise kikombe kitupu kwa vidole. Mgeni asiyejua hunywa vikombe sita kwa adabu na kukesha. Mhudumu mwenye busara humuuliza baada ya cha pili.

Kwa anayekodi badala ya kununua: hesabu masinia mbele ya mwenye mali yanapoingia na yanapotoka, piga picha yaliyobonyea, na yaoshwe kwa maji ya moto yakifika hata kama yanang'aa, kwa sababu yamekaa stoo. Wali uliobaki usilale nje. Ukipita saa mbili bila joto wala baridi usimpelekee jirani. Unaopelekwa uwe ule uliobaki sufuriani, haujaguswa na mkono.

Na sinia la wapishi. Mafundisho ya kwamba anayenywesha watu hunywa wa mwisho wanayafuata wao wenyewe bila kukumbushwa: wanakaa motoni tangu alfajiri na wanakula baada ya wote. Mara nyingi wakifika kula wanakuta ukoko na mifupa. Lipakuliwe lao kabla ya sinia la kwanza kutoka jikoni, vipande kumi vilevile, lifunikwe kwa kawa, liwekwe juu ya kabati mahali ambapo hakuna mhudumu atakayelichukua kwa haraka akidhani ni la wageni.